Kimya cha Ukurasa wa Mfereji

Neema na Prosper, mimi nimestaafu. Najua mtacheka, maana mtu wa kidato cha nne hana kiinua mgongo, na nyumbani bado naosha vyombo zamu ikinifikia. Lakini kazi ya ukurasa wa mfereji nimeifanya tangu nikiwa kidato cha kwanza, na nimechoka kwa namna niliyodhani ni ya watu wazima tu. Mtihani unakuja, mwenyekiti wa mfereji amekubali ninyi mshike, na mwalimu wa kompyuta alisema niwaelekeze kwa mdomo. Nilijaribu, mnakumbuka. Nilisimama mbele yenu pale maabara, nikasema maneno machache, kisha nikaanza kufuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Nikiandika siogopi.

Mfereji mnaujua, Prosper amewahi hata kutumbukia humo na sare ya shule. Unatoka mtoni juu karibu na msitu, unashuka katikati ya migomba, unapita kwa kila nyumba, na kiangazi maji yake hayatoshi watu wote kwa siku moja. Ndiyo maana kuna zamu. Zamani ukitaka zamu ulikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Kiliani, ukaomba. Siku hizi mtu anafungua ukurasa kwenye simu, anachagua siku, anabonyeza kitufe kilichoandikwa Omba Zamu. Kazi yenu ni kuhakikisha kitufe hicho hakidanganyi. Inaonekana ndogo. Mtaona.

Mtu aliyeujenga ukurasa ni Kaka Fulgence, mtoto wa mama yangu mkubwa, mwenye steshenari Kiboriloni. Anapiga kopi, anachapa barua za maombi ya kazi, anapiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu. Siku nilipokwenda kujifunza kwake nilikaa kwenye kigoda karibu na mashine ya kopi tangu asubuhi mpaka mchana, na naye hakunifundisha chochote, alikuwa anahudumia wateja tu. Wakati wa chakula aliniuliza nimejifunza nini. Nikatikisa kichwa. Akasema, basi umejifunza kwamba mtu asiyeuliza hahudumiwi, kula mtori wako turudi kazini.

Nilipouliza, alinieleza hivi. Zamani ukibonyeza kitu kwenye ukurasa, ukurasa wote ulipotea, kioo kikawa cheupe, ukangoja uletwe ukurasa mwingine mzima. Kwa mtandao wetu wa huku Kibosho, unaokamatika ukisimama nyuma ya zizi na kupotea ukisogea kwenye migomba, ungeweza kungoja mpaka bando linaisha. Njia ya pili ni ombi kutoka kimyakimya nyuma ya ukurasa. Wewe unaendelea kusoma, ombi linakwenda kwenye seva, jibu likirudi linajipachika mahali pake. Kaka alisema ni kama kumtuma mdogo wako juu akafungue maji huku wewe unaendelea kulima. Humngoji umekaa. Maji yakifika utayaona miguuni.

Nikaona ni jambo zuri mno. Sikumuuliza mdogo wangu asiporudi inakuwaje.

Sasa tuje kwenye maktaba, maana hapo ndipo mtakapotaka kunibishia. Maktaba ninayosema si ile ya vitabu. Ni faili la msimbo ambalo watu wengine walishaliandika ili wewe usiumie kichwa. Kwa nini tunaihitaji? Kwa sababu zamani kila kivinjari kilikuwa na njia yake ya kutuma lile ombi la nyuma. Hiki kilitaka uite hivi, kile kilitaka uite vile, kingine ukikiita vibaya kilikaa kimya tu. Maktaba inakutangulia. Inakiuliza kivinjari, unaijua njia hii? Kama hakiijui, inajaribu ile. Ikikubaliwa, inatuma. Wewe unaandika mara moja tu, kwa lugha moja.

Mama mmoja anauza ndizi mbele ya steshenari ya Kaka. Akija mteja wa Rombo anamsalimia Kirombo, akija wa Machame anageuza ulimi, akija mwalimu kutoka Singida anaongea Kiswahili cha redioni, na ndizi ni zile zile. Kaka alinionyesha yule mama akasema, hiyo ndiyo maktaba. Sikuhitaji maelezo mengine.

Najua mnasema vivinjari vya siku hizi vyote vimekubaliana njia moja, na faili lile ni la kizamani, zito, linakula bando, hata waliolitunga wameshaliacha. Ni kweli yote. Hata mimi nilisema hivyo nilipofika kidato cha pili, umri wenu huo huo. Nikaliondoa. Nikaandika kwa njia mpya, mistari michache, mizuri, nikaijaribu kwenye kompyuta ya maabara ikakubali, nikaijaribu kwenye simu ya tachi ya mjomba ikakubali. Nikalala kama mtu aliyevuna.

Kesho yake ukurasa ulifanya kazi kwa nusu ya watu. Nusu nyingine, wale wenye viswaswadu vya vitufe na simu za zamani walizoachiwa na watoto waliohamia Dar, walipobonyeza hawakuona chochote. Wakaanza kupiga simu ya mama yangu kulalamika, naye akaacha kuipokea. Alikuwa ananipa mimi moja kwa moja, ananitazama nikisema “ndiyo, shikamoo, ndiyo, nasikia, ndiyo” mpaka chai ikapoa.

Nilipomweleza Kaka Fulgence hakunigombeza. Alikuwa anakata picha za pasipoti, akasema bila kuinua macho kwamba huku mlimani huandiki ukurasa kwa ajili ya simu yako. Unauandika kwa ajili ya simu ya bibi yako, ile iliyofungwa mpira ili betri isidondoke. Nikairudisha maktaba. Na ninyi mtairudisha, kwa hiyo bora msiitoe.

Tukiwa hapo hapo kwenye simu mbovu, mahali pazuri pa kupimia ni nje ya kanisa baada ya misa ya pili. Wazee wanakaa kwenye ukuta mfupi, kila mmoja na simu yake, kila mmoja ana tatizo. Kaa nao. Mmoja atasema simu imejaa, mwingine atasema haipigi kelele, utamtengenezea, na ukiwa nayo mkononi unafungua ukurasa wa mfereji unaangalia unavyoonekana humo. Mimi nilipenda kwa sababu nilikuwa nainama kwenye simu na sikulazimika kuongea. Ila jiandaeni na maneno. Kuna mzee mmoja, meku kama tunavyowaita, kila Jumapili alinipa simu akisema, “Binti, itibu hii, na ukishindwa uizike.” Anza na simu mbaya kuliko zote. Ikikubali hiyo, nyingine zitafuata.

Na nakilini faili la zamani kabla ya kubadili chochote. Hilo sitalieleza. Fanyeni tu.

Kuna kosa jingine nawapa mcheke kidogo, kisha nitawaeleza lile lililonichosha. Mwanzoni kitufe kiliweza kubonyezwa hata mara ngapi. Jibu lilipochelewa, watu walibonyeza tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Mzee mmoja alihamisha kidole kutoka Jumatatu hadi Jumanne, hadi Jumatano, akitafuta siku itakayokubali, na mtandao uliporudi maombi yake yote yalifika kwa mkupuo. Akapewa mfereji wa wiki nzima. Mwenyewe hakuwa na habari, alishangaa tu kwa nini majirani walianza kumsalimia kwa unyenyekevu.

Nikarekebisha. Ukishabonyeza, kitufe kinageuka cha kijivu na hakibonyezeki tena. Maombi ya kurudiarudia yakaisha, nikajiona fundi.

Sasa sikilizeni, maana lile kosa kubwa liliingilia hapo.

Ni lazima kwanza niwakumbushe jinsi watu walivyoomba maji kabla ya ukurasa, kwa sababu ninyi mmekua na simu. Mtu alikwenda jioni mpaka kwenye uzio wa mimea ya sale wa Mzee Kiliani, hakuingia. Alisema kutoka njiani, mzee, nachukua Alhamisi. Mzee aliendelea na alichokuwa anafanya, kukata majani ya ng'ombe au kunoa panga. Hakusema ndiyo. Angesema ndiyo ingekuwa kama maji ni yake yeye, na maji ya mfongo, mfereji kwa lugha ya wazee, si ya mtu, walichimba mababu. Kama Alhamisi ilikuwa na mwenyewe, alikuita urudi, akakueleza. Kama hakukuita, umepata. Unakwenda nyumbani, Alhamisi unabeba jembe. Kila mtu kwenye mfereji huu aliyezidi miaka hamsini amelelewa hivyo. Akiomba maji asisikie kitu, amekubaliwa.

Kwenye simu ndogo jibu la kukubaliwa, neno Imepokelewa, lilikuwa linachelewa au haliji kabisa. Watu wenye simu hizo walishazoea. Walibonyeza, kitufe kikawa cha kijivu, kikanyamaza, wakazima simu, na siku ikifika majina yao yalikuwepo. Hakuna aliyelalamika. Nami nilidhani hawalalamiki kwa sababu ukurasa ni mzuri.

Mama Selestini mnamjua, anakaa pale chini ya kisima cha zamani, mjane. Mwaka wa lile kosa aliamua kupanda upya kahawa kwenye kihamba cha marehemu mumewe, maana mikahawa ya zamani ilikuwa imekwisha kwa ugonjwa. Alitengeneza kitalu cha miche nyuma ya nyumba, akakiezekea majani ya migomba, akakilea kama mtoto mchanga. Ilibidi miche ifike masika ikiwa hai. Kihamba kikikaa tupu msimu mwingine, ukoo ungeanza kuulizana nani akitunze, na wa kwanza kuulizwa angekuwa shemeji yake, Baba Gaudensi, ambaye nyumba yake iko juu ya hapo. Baba Gaudensi si mtu mbaya. Ni mtu wa kunyooka tu, mambo yake hayapindi hata pale yanapopaswa kupinda.

Mama Selestini alifungua ukurasa asubuhi, akaona Alhamisi iko wazi. Kabla hajabonyeza ng'ombe alikata kamba, akaenda kumkimbiza. Huku nyuma Baba Gaudensi akaomba Alhamisi hiyo hiyo kwa simu yake ya tachi, akajibiwa Imepokelewa. Mama aliporudi ukurasa wake bado ulikuwa unaonyesha Alhamisi iko wazi, maana haukujua kilichotokea tangu aufungue. Akabonyeza. Seva ikakataa, siku ina mtu. Na jibu la kukataa likarudi mpaka kwenye ukurasa wake na kupotelea humo.

Lilipoteaje? Fungueni faili letu mwone. Unapotuma ombi kwa maktaba ile, inakupa nafasi mbili za kujaza. Ya kwanza, jibu likiwa zuri fanya nini. Ya pili, ikishindikana fanya nini. Ya kwanza ilikuwa imejazwa vizuri, na rangi ya kijani. Ya pili ilikuwa tupu tangu siku ukurasa ulipojengwa. Maktaba haikuwa na kosa. Iliuliza ifanye nini ikikataliwa, haikuambiwa kitu, ikatii.

Alhamisi Mama Selestini akapanda na jembe mpaka kwenye mgawanyo, pale maji yanapozibwa kwa mawe na magome ya mgomba, akafungua upande wake. Baba Gaudensi akaja akakuta maji yake yanakwenda kwa shemeji. Sikuwepo, ila kila mtu alinisimulia, na kila mmoja kwa namna yake. Wanakubaliana kwamba hakupiga kelele. Aliziba maji, akasema atalisemea siku ya msaragambo, tunapokutana wote kusafisha mfereji. Kuiba maji ya mwenzako kiangazi adhabu yake mnaijua, unafungiwa mpaka mvua inyeshe. Na mpaka kesi isikilizwe, aliyeshtakiwa hagusi mfereji.

Mama Selestini akaanza kubeba maji ya bomba kwa ndoo, bomba lenyewe lilikuwa linatoka kwa kuvizia. Nilimwona nikitoka shule. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapita, na maji yalikuwa yanamwagikia kanga. Miche ya ukingoni ilishaanza kujikunja. Hakujua kama mimi nina uhusiano wowote na jambo lile. Kwake yeye ukurasa ulikuwa ni kitu cha serikali.

Ijumaa baada ya shule, nikiwa nimeshaona pengo kwenye faili, nikapanda gari mpaka Kiboriloni, nikamwambia Kaka Fulgence kuna nafasi mbili na wewe ulijaza moja. Akatazama kwenye kompyuta kwa muda. Akasema alipojenga alikuwa na wateja, akajiambia nafasi ile ataijaza baadaye, halafu baadaye yenyewe ikawa mimi. Tukacheka kidogo, lakini si kicheko. Akasema yeye Jumamosi hawezi kufunga duka, na mimi ndiye ninayekaa kule, kwa hiyo mimi ndiye wa kusema. Nikamwuliza kama naweza kuandika barua. Akasema msaragambo hausomi barua.

Jumamosi tulisafisha mfereji tangu asubuhi, wanaume wanatoa tope, sisi tunavuta majani. Kawaida napenda msaragambo, una kelele nyingi kiasi kwamba hakuna anayegundua kwamba huongei. Siku hiyo nilivuta majani huku nikitafuta maneno. Wakati wa kupumzika watu walikaa kwenye nyasi, Mzee Kiliani akakaa kwenye jiwe, akamwita Baba Gaudensi aseme.

Akasema kwa kifupi. Aliomba, akajibiwa. Shemeji hakujibiwa, akachukua. Hana chuki na mtu.

Mama Selestini akasimama na miguu yake ya matope. Akasema aliomba kama alivyoomba siku zote, hakukatazwa, akachukua. Kama angekatazwa angetafuta siku nyingine, yeye si mtoto.

Watu wakaanza kuongea wote. Wengine wakasema simu haiwezi kuwa shahidi. Baba Gaudensi akasema, “Kwa hiyo simu yangu ikizimika na mimi nimepewa mfereji mzima?” Watu wakacheka, na nikaona kicheko kinamwelemea Mama Selestini, anatazama chini.

Mzee Kiliani akauliza mtoto wa ukurasa yuko wapi. Nilikuwa nyuma ya mama yangu. Mama hakunisukuma, alisogea tu pembeni, jambo ambalo ni baya zaidi.

“Huyu mama aliomba?” Mzee akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

“Mimi sioni mbali. Sema.”

“Aliomba, meku.”

“Akajibiwa?”

Nikasema ukurasa ulijibu. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi nirudie. Nikasema seva ilikataa, ila jibu lilirudi likakuta mahali pake hapajaandikwa kitu.

“Sijauliza ukurasa ulisema nini ndani ya tumbo lake. Nauliza yeye alisikia nini.”

“Hakusikia kitu.”

“Na aliyekuwa ameomba Alhamisi kwanza ni nani?”

Hapo nilitaka kunyamaza. Nilijua jibu linamwangukia nani. Mama Selestini alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja daktari. Nikasema, “Baba Gaudensi alitangulia, meku. Alhamisi haikuwa ya mama. Ila hakuna aliyemwambia, na wa kumwambia tulikuwa sisi.”

Nilisema sisi. Si kwa ushujaa, ni kwamba sikujua neno lingine la kuweka pale.

Mzee Kiliani akawageukia watu, akauliza mtu akiomba maji kwenye mfongo huu asisikie kitu, anafanya nini. Bibi mmoja akasema kutoka nyuma, “Anachukua jembe, anafanya nini tena?”

Akaamua. Alhamisi ilikuwa ya Baba Gaudensi, na maji aliyopoteza atafidiwa wiki ijayo. Mama Selestini hakuiba, hafungiwi. Maji ya kwanza baada ya msaragambo hayana zamu ya mtu, huwa ni ya mwenyekiti, na leo yaende kwenye kitalu. Na ule ukurasa ufungwe mpaka ujifunze kukataa.

Baba Gaudensi alisema sawa. Sikumpenda siku ile, lakini niandike ukweli, yeye ndiye aliyepanda mpaka kwenye mgawanyo akafungua upande wa shemeji yake, na alisimama pale na jembe kuhakikisha hakuna anayeyakata njiani. Miche ya ukingoni ilikufa. Ya katikati ilibaki, na masika ilipandwa. Mkipita mtaiona, imeshafika kiunoni.

Nikaenda nyumbani nikalala mchana, kitu ambacho sifanyi.

Marekebisho yenyewe hayakuwa marefu. Nilijaza nafasi ya pili. Ikikataliwa, ukurasa unasema kwa herufi kubwa, HAPANA, SIKU HII INA MTU. Jibu lisiporudi, unasema HATUJAPATA JIBU, USICHUKUE MAJI. Nikagundua hiyo bado haitoshi, maana kwenye simu ndogo hata hapana inaweza isionekane. Kwa hiyo nikageuza mwanzo. Ukurasa sasa unafunguka ukiwa umeshaandika BADO HUJAPATA ZAMU, na maneno hayo hayaondoki mpaka jibu zuri lifike na kuyaondoa. Kila kitu kikiharibika, mtandao, seva, maktaba, simu, kinachobaki kwenye kioo ni hapana. Mkinisahau mimi, hilo msilisahau. Hapana iwe sakafu, na ndiyo ije juu yake.

Watu hawakupenda. Walisema ukurasa umekuwa na kiburi. Baba mmoja alimsimamisha mama yangu njiani akamwambia mtoto wako ananikataa kabla sijaomba. Mama akamjibu kwamba hata nyumbani nimeanza, nimekataa kuosha vyombo vya kaka zangu. Ilikuwa kweli.

Kuna siku mtataka kuyaondoa maneno yale, muweke kitu kizuri, labda picha ya maji. Mtu atawabembeleza. Mtakuwa mmechoka, na kumkubalia mtu aliyesimama mbele yako ni rahisi kuliko kumkatalia. Mimi nilikuwa hodari wa hilo. Nilikuwa nanyamaza, watu wanadhani nimekubali, wanaondoka wamefurahi, na mimi nabaki na kazi.

Mama Selestini hakurudi tena kwenye ukurasa. Jumapili ya kwanza baada ya ukurasa kufunguliwa tena, misa ya pili ilipoisha, alinifuata pale ukutani nilipokuwa nimeinama na simu ya mtu. Alishajua mimi ni nani. Nikamwamkia. Akasema anaomba Jumanne kwa ajili ya kitalu, nimwandikie.

Nilifungua nikaona Jumanne imechukuliwa. Nikawa nimeshika simu tu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na mikono bado ilikuwa na michubuko ya ndoo. Wazee wote walikuwa wanasikiliza, wanajifanya hawasikilizi.

“Hapana, mama,” nikasema. “Jumanne ina mtu. Jumatano asubuhi iko wazi.”

Akanitazama, kisha uso wake ukalegea.

“Aika, asante mwanangu,” akasema. “Sasa nimesikia. Niandikie Jumatano.”